Namna ya kumshirikisha mgonjwa wa akili katika kuamua tiba yake: mwongozo kwa wahudumu wa afya Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi, tabibu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma, mahali ambapo mara nyingi daktari bingwa wa magonjwa ya akili hayupo karibu, na mgonjwa wa kwanza wa siku anaweza kuletwa akiwa amefungwa kamba mikononi. Unawahusu pia ndugu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uangalizi wa mgonjwa hufanyika nyumbani. Ninachokusudia kusema ni kwamba weledi wa mhudumu hupimwa kwa namna anavyoilinda nafasi ya mgonjwa ya kuamua, na kipimo kigumu kuliko vyote huja siku ambayo mgonjwa anasema hataki. Mgonjwa aliyeshirikishwa ana sababu ya kurudi kliniki. Aliyeburutwa pasipo ulazima hujifunza kutukimbia, na tunapokutana naye tena mara nyingi hali yake imekuwa mbaya zaidi.

Haya si suala la upole wa mtu binafsi tu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu yeyote kuteswa au kutendewa kwa namna inayomdhalilisha, na ibara ya 16 inalinda faragha yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtofautisha mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake na yule anayelazwa bila hiari, maana yake hiari ni jambo la kuulizwa, si la kudhaniwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka huduma ya afya itolewe kwa ridhaa ya mtu mwenyewe baada ya kuelezwa.

Anza na salamu, kisha shughulikia kamba

Mgonjwa anapoingia, msalimie yeye kabla ya ndugu waliomleta. Salamu hiyo ndiyo inayoonyesha mazungumzo yatakayofuata ni ya nani. Mzee mwenye umri wa baba yako anastahili shikamoo hata kama nguo zake zimechanika na maneno yake hayashikamani, na mama mtu mzima anastahili kuitwa kwa jina la mwanawe kama anavyoitwa mtaani kwake. Asiitwe "huyu" wala "mgonjwa wenu".

Akiwa amefungwa, waulize waliomleta kilichowafanya wamfunge. Angalia kama ana majeraha, kama kamba imekazwa hadi vidole vimekufa ganzi, na kama kuna kitu cha hatari karibu naye. Kisha mwambie kwamba unakusudia kumfungua, na umuulize kama yuko tayari kuketi mzungumze. Ndugu wengi hufunga kwa ajili ya safari: mgonjwa ametoka kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa boti, na waliogopa asijitose majini, au amebebwa kwenye pikipiki kati ya watu wawili na ilikuwa lazima asianguke. Hofu hiyo ilikuwa ya njiani, na mara nyingi ikifika chumbani kwako haina kazi tena. Usiwakemee ndugu mbele ya mgonjwa, kwa maana wamechoka na wametumia fedha, lakini usiiache kamba mahali pake kwa sababu tu umeikuta.

Baada ya kusikia maelezo ya ndugu, waombe wasubiri nje kwa muda ili mgonjwa aseme yake. Hapa lugha ina uzito mkubwa. Wazee wengi wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo hueleza maumivu yao vizuri zaidi kwa Kiha, na mhudumu anayezungumza Kiha ataelewana pia na mkimbizi wa Burundi anayezungumza Kirundi, kwa kuwa lugha hizo zinakaribiana sana. Kwa Mkongo aliyeko kambi ya Nyarugusu huenda Kiswahili kikatosha, ingawa ni Kiswahili chenye maneno yake, na inafaa kuuliza tena pale ambapo hukuelewa. Ukihitaji mkalimani, epuka kumtumia ndugu ambaye ana ugomvi na mgonjwa, au mume kwa mkewe, kwa sababu ndugu hutafsiri anachoona kinafaa kusikika. Mtumie mhudumu mwenzako, na umkumbushe kwamba kazi yake ni kuyahamisha maneno ya mgonjwa yalivyo, hata yakiwa ya kushangaza.

Pima uwezo wa kuamua jambo lililo mbele yenu

Mtu kusikia sauti, kuamini kwamba jirani amemroga au kukosa usingizi kwa wiki nzima hakumwondolei uwezo wa kuamua kila jambo. Anaweza kushindwa kuamua kuhusu kuuza shamba, na wakati huohuo akaweza kabisa kuamua kama atachomwa sindano au atakunywa vidonge. Kwa hiyo uwezo hupimwa kwa jambo moja mahususi na kwa wakati huo, na unaanza kwa kudhani kwamba anao mpaka ionekane vinginevyo. Mambo ya kuangalia ni manne: je, anaelewa ulichomweleza, je, anakikumbuka kwa muda unaotosha kuamua, je, anaweza kupima faida na madhara yake, na je, anaweza kukuonyesha alichoamua, kwa maneno au kwa ishara?

Njia rahisi ni kumwomba akueleze kwa maneno yake mwenyewe mlichozungumza, na umwambie kwamba unauliza ili ujue kama wewe umeeleza vizuri. Asipoweza, eleza upya kwa sentensi fupi zaidi. Asipoweza tena na hali si ya dharura, ahirisha uamuzi mpaka alale au ale, au homa ishuke. Mkoa wetu una malaria nyingi, na mtu aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa apimwe malaria na maambukizi mengine kabla ya kuitwa mgonjwa wa akili. Jambo moja nalisisitiza: kutokubaliana na mhudumu si ushahidi wa kukosa uwezo. Ukijikuta unauhoji uwezo wa mgonjwa pale tu anapokataa, na huuhoji kamwe anapokubali, basi unachokipima ni utii wake.

Eleza dawa kabla ya kuitoa

Sehemu hii ndiyo inayoharakishwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu imani kuliko zote. Mgonjwa akipewa haloperidoli, dawa ya kutuliza dalili kama kusikia sauti, bila maelezo, anaweza ndani ya siku chache kukakamaa shingo, kupindisha macho juu au kushindwa kutulia miguu hata akiwa amekaa. Madhara haya yanajulikana na yanatibika kwa dawa kama benzheksoli au kwa kupunguza dozi. Lakini mama aliyeachwa bila kuambiwa, akimwona mwanawe shingo imegeuka na macho yametazama darini, atasema jini limejibu, na dawa itatupwa siku hiyohiyo. Dakika tano za maelezo zingeokoa tiba yote. Sema wazi: dawa hii inaweza kufanya hivi, ikitokea, haitokani na pepo, njooni mara moja hata usiku.

Kwa klopromazini, dawa ya kundi hilohilo, mweleze kwamba atasikia usingizi, anaweza kuona kizunguzungu akisimama ghafla, na ngozi yake itaungua kwa jua upesi zaidi, jambo lenye maana kwa mtu anayeshinda shambani. Kwa amitriptilini, mweleze kuhusu kinywa kukauka, kufunga choo na usingizi, na kwamba nafuu ya sonona huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, asije akaiacha wiki ya kwanza kwa kudhani haifanyi kazi. Dawa hiyo ikinywewa kwa wingi inaua, hivyo kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua toa vidonge vya siku chache kwa wakati na mkubaliane nani ataitunza. Olanzapini, nayo ya kundi la haloperidoli, huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari. Mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba hapaswi kuanzishiwa sodiamu valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, pasipo kuambiwa kwamba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dawa nyingine itafutwe kwanza.

Ukweli ni kwamba stoo ya zahanati inaweza kuwa na dawa moja au mbili tu, na wapo wanaosema kwamba katika hali hiyo uchaguzi wa mgonjwa ni maneno matupu. Sikubaliani nao. Mwambie kwa uwazi kwamba hapa ipo dawa hii tu, na kwamba nyingine inaweza kupatikana kwa rufaa katika hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Baada ya hapo yamebaki mengi ya kuchagua: kidonge au sindano, dozi ndogo ya kuanzia, saa ya kunywa, nani atamkumbusha, arudi lini.

Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa. Kazi yake ni usiku, kwa taa, na dawa ya usingizi ikinywewa jioni inamweka hatarini ndani ya boti. Atakayeambiwa "kunywa kila usiku" bila kuulizwa anafanya kazi gani ataiacha, na ana sababu. Akinywa asubuhi anaporudi, atalala mchana kama kawaida yake, mradi mkague pamoja kama ulevi wa dawa umekwisha kabla hajarudi majini. Tena, usiku wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu. Kama amechagua sindano ya flufenazini, dawa ya kundi la haloperidoli inayodumu mwilini kwa muda mrefu, ya kila wiki nne, tarehe za kliniki zinaweza kupangwa ziangukie siku hizo za mapumziko, kwa kuwa tofauti ya siku moja au mbili haiharibu tiba. Mwenye kifafa aelezwe pia hatari ya kuanguka majini, kisha mtafute naye kazi ya nchi kavu katika biashara hiyohiyo, kama kuanika au kupakia, kwa kipindi ambacho degedege halijatulia.

Anapokataa

Neno la kwanza baada ya mgonjwa kukataa liwe swali, nalo liulizwe kwa utulivu: ni nini hasa hukipendi katika dawa hii? Majibu hutofautiana sana. Mmoja ataogopa kunenepa. Mwingine nguvu za kiume zimepungua na anaona aibu kusema mbele ya muuguzi wa kike. Mwingine hana nauli ya kurudi kila mwezi. Mwingine haamini kwamba anaumwa. Kila jibu lina njia yake, na wa nguvu za kiume akiambiwa "dawa ni muhimu" hajajibiwa chochote. Mpatie mhudumu wa kiume, punguzeni dozi kama hali inaruhusu, au mbadilishieni dawa.

Akibaki na msimamo wake baada ya kueleweshwa, na ana uwezo wa kuamua, na hakuna hatari ya karibu, uheshimu. Andika kwenye jalada ulichoeleza, alichojibu na sababu alizotoa, bila maneno ya kumhukumu kama "mkaidi". Kisha mkubaliane mambo mawili: dalili zipi zikianza atakuja mwenyewe, na siku gani mtaonana hata kama hanywi dawa. Akitaka kuacha dawa aliyoitumia kwa muda mrefu, mshauri ipunguzwe polepole chini ya uangalizi, kwa sababu kuiacha ghafla huongeza uwezekano wa kuugua upya. Usimfukuze kliniki kwa kukataa dawa. Ushauri nasaha, kupimwa presha na sukari, na mazungumzo kuhusu usingizi na pombe ni huduma ambazo bado anazistahili.

Lipo jambo ambalo ndugu wengi hulifanya kwa nia njema, nalo ni kusaga vidonge na kuvichanganya kwenye uji au chai bila mgonjwa kujua. Naomba wahudumu tusilishauri, wala tusinyamaze tunaposikia linafanyika. Mgonjwa ambaye tayari anaamini kwamba watu wanataka kumwekea sumu, siku akiona unga mweupe kwenye kikombe, atakuwa amepata uthibitisho, na kuanzia hapo atakataa chakula pamoja na dawa. Zaidi ya hayo, asiyejua kwamba anameza dawa hawezi kutuambia madhara anayoyapata, na dozi haiwezi kupimwa kwa nusu kikombe kilichobaki. Waulize ndugu kwa upole nani nyumbani anaaminiwa na mgonjwa. Mara nyingi yupo bibi au shangazi mmoja ambaye maneno yake yanasikilizwa, na huyo ndiye aalikwe kliniki.

Pale hiari inapowekwa kando

Zipo hali ambazo kumsubiri mgonjwa akubali ni kumtelekeza: ameshika panga na anatishia, amekunywa sumu ya kuulia wadudu, au hajala wala kunywa kwa siku kadhaa na haelewi alipo. Hapo tenda kwa kufuata utaratibu wa Sheria ya Afya ya Akili, na tumia nguvu ndogo kabisa inayotosha, kwa muda mfupi kabisa. Mpe kwanza nafasi ya kumeza kidonge kabla ya kufikiria sindano. Akilazimika kushikwa, asilazwe kifudifudi wala kukaliwa mgongoni, kwa maana anaweza kukosa pumzi. Mtu mmoja azungumze naye muda wote, na baada ya dawa ya kutuliza mhudumu abaki akihesabu pumzi na kupima presha. Andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na sababu. Akitulia, rudi kwake, umweleze kilichotokea na kwa nini, na umsikilize hata akikulaumu. Mazungumzo hayo ya baadaye hurukwa karibu kila mara, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama ataiamini tena nguo nyeupe.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafanya familia wadanganye kwamba dawa ya mifugo ilinywewa kwa bahati mbaya. Mweleze mgonjwa kwamba umeuliza ili umtibu, na umpe maelezo hayo faraghani.

Siri ya mgonjwa haina mjadala mrefu. Mlango ufungwe, jalada lisiachwe mezani, na picha au habari za mgonjwa zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, hata la wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukilazimika kumwambia mtu mwingine kwa sababu maisha ya mtu yamo hatarini au mtoto anadhurika, mwambie mgonjwa kwanza kama inawezekana, na utoe kile tu kinachohitajika. Ukikutana naye sokoni Ujiji, mwache yeye aamue kama mtasalimiana.

Mganga, shekhe na mchungaji

Wagonjwa wengi wamepita kwa mganga wa tiba asili, kwenye kisomo au kwenye maombi kabla ya kufika kwetu, na wataendelea kwenda. Huo nao ni uchaguzi wao. Ukicheka au kukemea, utakuwa umewafundisha kuficha. Uliza wametumia nini, kwa sababu baadhi ya mitishamba inaweza kugongana na dawa za hospitali, kisha eleza mambo usiyoweza kuyakubali: kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula, kufukizwa moshi hadi kukosa hewa, na kuambiwa aache dawa. Mengine yanayompa mgonjwa faraja na heshima yanaweza kwenda sambamba na tiba. Kwa upande wako, imani yako iache nje ya chumba. Mgonjwa asijione analazimika kuombewa ili ahudumiwe. Usipokee zawadi kwa ajili ya upendeleo, usimkopeshe wala kumkopa, na uhusiano wa mapenzi na mgonjwa ni mwiko kabisa. Mgonjwa au ndugu asiyeridhika ajulishwe kwamba anaweza kulalamika kwa mganga mfawidhi, kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa baraza linalosimamia taaluma husika, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kwamba kulalamika hakutamnyima dawa.

Andikeni mpango akiwa amepata nafuu

Wakati mzuri wa kuuliza mgonjwa anataka nini siku atakapozidiwa ni pale anapokuwa mzima. Chukueni karatasi ya kawaida, muandike kwa Kiswahili chepesi: dalili zake za mwanzo ni zipi, nani aitwe kwanza na nani asiitwe kabisa, dawa gani ilimsaidia na ipi ilimtesa, kama itabidi kushikwa, nani amshike, watoto wakae kwa nani, mbuzi na shamba viangaliwe na nani. Asiyejua kusoma asomewe kila mstari, na aseme kama ndivyo alivyosema. Hata pale ambapo sheria haimlazimishi mhudumu kuifuata karatasi hiyo neno kwa neno, ni sauti ya mgonjwa kwa siku ambayo hawezi kuitoa, na mhudumu anayeamua kinyume chake aandike sababu. Nakala moja ikae kwenye jalada, nyingine abaki nayo mwenyewe, ya tatu apewe ndugu aliyemtaja, na akipewa rufaa kwenda Maweni au hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ibandikwe kwenye barua ya rufaa. Ipitiwe upya kila anapobadilishiwa dawa, na kila baada ya kuugua, yeye mwenyewe akiwapo.